Kabla hujawasha msumeno wa umeme jiulize mbao itaenda wapi

Mtu akinunua msumeno wa umeme wa kwanza kwa ajili ya kikarakana chake cha nyumbani, anachokiogopa ni meno, na ni kweli yanatisha, ila mara nyingi aliyekatika hakupeleka mkono kwenye meno kwa ujinga wake, mbao ilicheza. Ilibana, ikashtuka, ikaruka, na ule mkono uliokuwa unaisukuma ukajikuta ghafla unasukuma hewa, ukaendelea kwenda kulekule ulikokuwa unaelekea. Kwaiyo mimi kabla ya kukata kitu chochote, hata kipande kidogo cha rafu, najiuliza mambo mawili tu: hii mbao ikishakatika kila kipande kitaenda wapi, na mkono wangu utakuwa wapi mbao ikigoma katikati ya safari. Nikikosa jibu la moja wapo siwashi. Haya mengine yote ninayoandika hapa ni namna ya kulipata hilo jibu kwa kila aina ya msumeno.

Afu kuna wanaoamini wataona hatari inakuja wavute mkono. Hebu tupige hesabu kidogo. Chukua msumeno wa meza, ule ambao diski inachomoza juu ya meza na wewe unaisukuma mbao. Diski yake yenye kipenyo cha milimita 250, ikizunguka mara 4000 kwa dakika, ncha ya jino inakimbia kama mita 52 kila sekunde, hiyo ni kama kilomita 188 kwa saa, gari likikupita barabarani kwa mwendo huo unabaki umeshika kichwa. Sasa mwili wa binadamu unahitaji kama sehemu ya tano ya sekunde ndo uanze kushtuka, na kama diski ina meno 40 basi ndani ya huo muda yameshapita meno zaidi ya 500 pale kidole kilipo. Kwaiyo habari ya "mi nipo makini nitawahi" ifute kichwani, huwahi. Usalama wa msumeno unapangwa swichi ikiwa bado haijabonyezwa.

Teke

Nianze na msumeno wa meza manake huu ndo wenye heshima yake, na ndo unaopiga teke baya kuliko yote. Teke ni pale mbao inaporushwa kwa nguvu kurudi kwako, na ukielewa inatokeaje hutahitaji kukariri sheria ishirini, zitakuja zenyewe.

Angalia diski inavyozunguka. Meno ya upande wako, yaani ya mbele, yanashuka chini, kwaiyo yanakandamiza mbao kwenye meza, hapo hamna shida. Meno ya nyuma ndo yanapanda juu kutoka chini ya meza na kuja upande wako. Mbao ikipita vizuri haiyagusi yale ya nyuma, inapita katikati ya njia iliyokwisha kukatwa. Lakini mbao ikijipinda kidogo tu ikagusa meno ya nyuma, au njia ikajifunga ikabana diski, yale meno yanaiinua mbao, yanaipandisha juu ya diski na kukurushia, na kwa ile kasi niliyotaja hata kipande cha nusu kilo ni kombora. Na ubaya zaidi, mbao inapogeuka namna hiyo huwa inauvuta mkono ulioishika kuelekea kwenye diski. Hapo ndo vidole vinaondoka.

Mimi yangu ilinipata hivi. Msumeno wangu wa kwanza ulikuwa wa zamani, kifuniko cha diski kimeungana na kile kibati kinachosimama nyuma ya diski, ukitaka kuchimba mfereji kwenye mbao lazima uvitoe vyote viwili. Nikavitoa, nikachimba mifereji yangu mizuri, afu nikawa na kipande kimoja tu cha plaiwudi cha kupunguza, kimoja tu, nikajisemea kurudisha kibati kwa ajili ya mkato mmoja ni kupoteza muda. Kipande kilipokaribia kumaliza kikajipinda kidogo kikaacha fensi, yaani ule ukingo mbao inaoegemea, sikumbuki hata kukiona kikiruka, nakumbuka tu nimekaa chini nimeshika tumbo. Alama ilikaa zaidi ya wiki mbili. Kingekuwa juu kidogo kingenipata usoni, na nilikuwa nimesimama sawasawa na mstari wa diski kama mtu anayesubiri mpira wa penalti.

Sasa hicho kibati cha nyuma, wengine wanakiita kisu cha nyuma, ndo kifaa cha maana kuliko vyote kwenye huo msumeno. Kinakaa milimita chache nyuma ya diski, kwenye misumeno ya kisasa kinapanda na kushuka pamoja na diski, na kazi yake ni kuzuia njia ya mkato isijifunge na kuizuia mbao isifike kwenye meno ya nyuma. Kibati cha kisasa kimekuwa kifupi kidogo kuliko diski kwaiyo hata ukichimba mfereji hukitoi, hamna kisingizio. Ila angalia unene: kinatakiwa kiwe kinene kuliko bati la diski na chembamba kuliko njia inayokatwa na meno. Diski nyingi za kawaida zinakata njia ya kama milimita 3.2, zile nyembamba zinakata kama 2.4, sasa ukifunga diski nyembamba halafu kibati ni cha ile nene, mbao itakwama kwenye kibati nawe utaanza kusukuma kwa hasira, na kusukuma kwa hasira ni mwanzo wa matatizo. Unene wake mara nyingi umeandikwa palepale kwenye kibati, soma.

Kingine ni ile fensi mbao inayoegemea wakati wa kupasua, yaani kuikata kwa urefu wake. Lazima iwe sambamba na diski. Chukua rula pima kutoka kwenye mfereji wa meza, ule uliochongwa juu yake sambamba na diski, mpaka kwenye fensi, mbele na nyuma, namba ziwe sawa. Kama lazima ikosee basi iwe imefunguka nyuma kwa unywele, isiwe imefunga, manake ikifunga nyuma unakuwa unaisukuma mbao kwenye kona inayozidi kubana na meno ya nyuma yanakungojea hapo. Ukiona mbao inatoka na alama nyeusi za kuungua upande mmoja au unasikia harufu ya moshi, kabla hujalaumu diski kwamba imeisha makali, pima fensi.

Na kamwe, narudia kamwe, usikate kwenye msumeno wa meza kwa mkono mtupu bila fensi wala geji ya kukatizia, yaani kile kishikizo kinachoteleza kwenye mfereji wa meza unapoikata mbao kwa upana wake. Mkono wako haunyooki hata ungekuwa fundi wa miaka arobaini. Upande wa mbao unaoegemea fensi uwe umenyooka na upande wa chini uwe bapa usicheze mezani, mbao iliyojipinda kama nyoka ipitishe kwanza randa au ikate kwa msumeno mwingine. Na usitumie fensi na geji kwa pamoja wakati wa kukatiza, kile kipande kinachobaki katikati ya diski na fensi hakina mtu wa kukisukuma, kinajizungusha na kurushwa. Hapa ndo lile swali langu linapofanya kazi: kipande kile kitaenda wapi? Kama jibu ni "kitabaki kimenasa kati ya diski na fensi na hamna kinachokitoa" basi umeshajua kitaenda wapi, kitakuja kwako.

Wakati wa kupasua, sukuma kile kipande kilicho kati ya diski na fensi, kisukume mpaka kipite kabisa nyuma ya diski, usiishie katikati ukaachia. Mkono ukikaribia diski kwa sentimita 15 hivi, weka kijiti cha kusukumia au bora zaidi kile kibao chenye kisigino nyuma, manake kibao kinasukuma mbele na kukandamiza chini kwa wakati mmoja, kijiti chembamba kinasukuma tu, mbao inabaki huru kuinuka. Tengeneza vitatu vinne vya plaiwudi, ni vya kukatwakatwa hivyo, na kiweke upande wa kulia mwa fensi palepale unapofikia bila kuangalia, sio ukutani. Usimpe mtu kazi ya kuvuta mbao kutoka nyuma, akivuta kwa pembeni kidogo tu kakuletea teke wewe uliye mbele. Msaidizi kazi yake ni kubeba uzito basi, mwambie mapema kabla hujawasha manake ukishawasha hamsikilizani.

Urefu wa diski juu ya mbao, watu wanabishana sana, mimi naiinua mpaka mabonde kati ya meno yaonekane kidogo tu juu ya mbao. Inatosha kutoa vumbi na haiachi diski nzima imesimama wazi kama pezi la papa.

Na simama pembeni. Fensi ikiwa kulia mwa diski, mwili wako uwe kushoto mwa mstari wa diski, mguu mmoja mbele, usiegemee mbele kiasi kwamba mbao ikiachia unaanguka juu ya meza. Kipande kifupi chini ya sentimita 30 mimi sipasui kwenye msumeno wa meza kabisa, natafuta njia nyingine.

Kabla ya mkato wowote nisiouzoea napita kavu, yaani plagi imetolewa, diski imesimama, napitisha mbao kama vile nakata kweli mpaka mwisho. Utashangaa mambo unayogundua, kiwiko kinagonga kitu, ekstenshen inavutika, mbao ndefu inagota ukutani nyuma ikiwa imebaki robo, miguu imejichanganya. Yote hayo yakitokea kavu unacheka, yakitokea diski inazunguka hucheki tena.

Msumeno wa duara wa mkononi

Huu watu wanauchukulia poa kwa sababu ni mdogo, kumbe ncha za meno yake zinakimbia karibu sawa na za ule wa meza, diski ya milimita 185 kwenye mizunguko 5500 inafika mita 53 kwa sekunde. Tofauti ni kwamba hapa anayerushwa ni msumeno wenyewe, unaruka kutoka kwenye njia na kurudi nyuma kuelekea mapajani mwako.

Kosa linalofanyika kila siku ni kuweka ubao juu ya vitegemeo viwili, kimoja kila mwisho, halafu kukata katikati. Fikiria kinachotokea: ukianza kukata ubao unalegea, unabonyea katikati, njia inajifunga kwa juu na kuibana diski, pwaa msumeno unarudi nyuma. Kipande lazima kiwe na pa kwenda. Kama unakata mwisho wa ubao, acha kipande cha nje kining'inie huru kidondoke chenyewe kama ni kidogo, kikiwa kikubwa kitadondoka kabla hujamaliza na kuchana nyuzi za mwisho kwaiyo kiwekee kitu chini. Kwa karatasi nzima ya plaiwudi njia rahisi kabisa ni kuilaza chini juu ya mbao chakavu nne, mbili kila upande wa mstari, ukapiga magoti juu yake ukakata, vipande vyote viwili vinabaki palepale vilipo, hamna kinachodondoka wala kubana. Ukipasua ubao mrefu na unaona njia inaanza kujifunga nyuma yako, zima, subiri isimame, chomeka kabari ndogo kwenye njia, uendelee.

Kina cha diski weka milimita 3 mpaka 6 tu zaidi ya unene wa mbao. Diski iliyochomoza sana chini inabanwa zaidi na inatafuta vitu vya kukata chini, ikiwemo waya wake yenyewe na meza yako na paja lako. Na angalia kile kifuniko cha chini kinachojirudisha, kivute ukiachie kabla ya kila kazi, kirudi chenyewe haraka pah. Kikichelewa kimejaa utomvu na vumbi, kisafishe. Kuna watu wanakifunga kwa waya kibaki wazi eti kinawasumbua, hao mi huwa sisimami karibu nao.

Shika kwa mikono miwili, funga mbao kwa klampu, mkono wa kushikilia mbao usiwepo kabisa. Ukigoma katikati achia swichi na usubiri usimame, usiuvute nyuma ukiwa unazunguka, kuvuta nyuma unayapeleka meno ya nyuma kwenye mbao ambayo hayajaikata. Na usiuweke chini kabla diski haijasimama, kuna inayochukua sekunde kumi na zaidi kusimama. Jambo dogo la faida: meno yanakata kutoka chini kwenda juu, kwaiyo upande mzuri wa plaiwudi ugeuze chini, juu ndo patachanika.

Ule wa kushusha, wa mkanda, na jigsoo

Msumeno wa kushusha, ule unaokatiza mbao kwa pembe, unaonekana mpole kwa sababu mbao imetulia na diski ndo inakuja. Mkono wa kuuangalia hapa ni ule unaoshika mbao, kwa wengi ni wa kushoto. Chora kwa rangi mstari mezani sentimita 15 kila upande wa diski, mkono usivuke, na usipishanishe mikono, yaani mkono wa kushoto kushika mbao upande wa kulia. Kama kipande ni kifupi kiasi kwamba huwezi kukishika nje ya mstari, kifunge kwa klampu au kata kutoka kwenye mbao ndefu. Mbao iliyopinda iegemeze tumbo lake kwenye fensi, yaani upande uliovimba uguse, la sivyo unapokata inajifunga. Washa, acha diski ifike mwendo wake kamili, shusha taratibu, achia swichi ikiwa bado iko chini, subiri isimame kabisa ndo uinue. Hili la kusubiri ndo linazuia vile vipande vidogo kurushwa ukutani kama risasi, ukiinua diski ikizunguka inakwangua kipande kilichobaki huru na kukitupa. Kama ni ule unaoteleza, vuta kwanza uje kwako ukiwa juu, shusha, afu sukuma kwenda nyuma. Watu wengi wanavuta huku wanakata, ukifanya hivo diski inajaribu kupanda juu ya mbao na kukujia.

Wa mkanda, ule wenye bledi ndefu ya duara inayozungushwa na magurudumu kama mkanda, nausifia. Mkanda unashuka chini muda wote, nguvu yote inakandamiza mbao mezani, kwaiyo lile teke la kurushiwa mbao usoni halipo, ndo maana vipande vidogo na mbao zilizojipinda nazipeleka huko. Ila usilewe sifa, buchani wanakata mifupa na mashine ya namna hiyohiyo. Teremsha mwongozo wa juu mpaka milimita 5 hivi juu ya mbao, mkanda usiachwe wazi. Kitu cha duara kama gogo dogo au bomba la mbao kinazungushwa na mkanda na kuvuta vidole, kilaze kwenye kibao chenye mfereji wa herufi V. Vidole visikae kwenye mstari wa mkanda hasa pale mbao inapokaribia kuisha, manake mwishoni inaachia ghafla.

Jigsoo, ule mdogo wa mkononi wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, ni salama kidogo, tatizo lake ni mkono uliopo chini ya mbao ambao huuoni. Bledi inapita chini, na wewe umeshika chini. Klampu tena.

Diski, umeme na hayo mengine

Kabla ya kugusa diski toa plagi, kama ni wa betri toa betri. Kuzima swichi hakutoshi, na plagi yenyewe iweke mahali unapoiona. Diski mpya angalia kasi iliyoandikwa juu yake, iwe kubwa kuliko kasi ya msumeno wako, na mshale uelekee upande mashine inakozunguka. Nati ikikushinda kumbuka kwamba kwa kawaida inafunguka kuelekea kulekule diski inakozunguka wakati wa kazi, ndo maana haijifungui yenyewe, na ndo maana kwenye baadhi ya misumeno uzi wake umekaa kinyume na ulivyozoea, usije ukaning'inia kwenye spana unazidi kukaza. Kwa diski ya milimita 250, meno 24 ni ya kupasua, 60 mpaka 80 ni ya kukatiza na plaiwudi, 40 inafanya yote kwa wastani. Ukipasua mbao nene kwa diski ya meno 80 itaungua tu, na diski ikiwa butu unasukuma kwa nguvu zaidi, na ukisukuma kwa nguvu zaidi siku mbao ikiachia mkono nao unaachia. Kwaiyo diski kali ni salama kuliko butu. Utomvu uliogandia kwenye meno unatoka kwa maji ya vuguvugu, sabuni na brashi, kausha vizuri.

Mbao iliyotumika ikague misumari, pitisha sumaku yenye nguvu juu yake, jino la diski likivunjika likiwa kwenye kasi ile halikuambii linakwenda upande gani.

Umeme ukikatika katikati ya kazi kitu cha kwanza ni kuzima swichi na kuchomoa plagi. Hii watu wanasahau kabisa, wanaenda zao kukaa, umeme unarudi msumeno unaanza kuzunguka wenyewe hamna mtu karibu, au yupo mtoto karibu. Kuna swichi zinazojizima zenyewe umeme ukikatika na haziwaki mpaka ubonyeze tena, kama msumeno wako wa meza hauna fundi umeme anaweza kukufungia, na iwe na kitufe kikubwa cha kuzima unachoweza kukipiga kwa goti. Ekstenshen iwe ya waya mnene na iliyokunjuliwa yote, ikibaki imezungushwa kwenye kigurudumu chake inapata joto mpaka kuyeyuka, na waya mwembamba na mrefu unaidhoofisha mota. Kifaa cha kukata umeme ukivuja, kile cha miliampia 30, ni muhimu hasa kama unafanyia kazi nje.

Glavu usivae. Najua inaonekana kinyume, lakini jino likikamata kitambaa cha glavu linavuta mkono mzima, bila glavu unaweza kuchubuka tu. Pete, saa, shanga za mkononi, mikono mirefu ya shati, kamba za hudi, nywele ndefu zisizofungwa, vyote vivyohivyo. Miwani ya kazi yenye kuziba pembeni kila mara, miwani ya kusomea haihesabiki.

Masikio ndo kitu kinachonisikitisha manake hakiumi. Misumeno mingi ya duara inafika desibeli 100 au karibu hapo, na kwa kiwango kinachotumiwa na taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, sauti ya desibeli 85 unaruhusiwa masaa 8, kila zikiongezeka 3 muda unagawanywa mara mbili, ukifika 100 umebaki na dakika 15 tu kwa siku. Dakika 15 ni karatasi tatu za plaiwudi. Vaa vizibo. Na vumbi la mbao, shirika la utafiti wa saratani la IARC limeliweka kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani tangu 1995, hasa ya pua, kwaiyo vaa barakoa ya vumbi, na kwa MDF, zile mbao za kiwandani za nyuzi za mbao zilizogandishwa, usikate kabisa bila barakoa manake vumbi lake ni unga mwembamba na lina gundi ndani.

Kuna watu wataniuliza kuhusu ile misumeno inayojizima ikigusa ngozi. Ipo, aliyeibuni ni Stephen Gass wa Marekani mwaka 1999, kampuni inaitwa SawStop, inapitisha umeme mdogo sana kwenye diski na ikigusa mwili kipande cha aluminiamu kinagonga diski na kuisimamisha ndani ya milisekunde 5, unabaki na mchubuko badala ya kidole. Ni kitu kizuri sana. Lakini haizuii teke, mbao ikirushwa itakupata vilevile, kwaiyo hata mwenye nayo anahitaji kibati cha nyuma na kusimama pembeni. Na mbao mbichi yenye maji inaweza kuidanganya ikalipuka bure, unapoteza diski na breki.

Ukichoka acha. Mwenyewe nina sheria kwamba nikikosea kipimo mara mbili mfululizo nafunga karakana, manake kama kichwa hakioni milimita kumi za rula hakitaona mbao inayoanza kujipinda. Ukiondoka chomoa plagi zote, toa betri, na kama kuna watoto funga mlango kwa kufuli.

Na ikitokea umekatika, zima mashine kwanza, bonyeza jeraha kwa kitambaa kisafi kwa nguvu na uinue mkono juu ya usawa wa moyo, usiendelee kufunua kuchungulia. Kidole kikiwa kimetoka kabisa, kitafute, kifunge kwenye kitambaa kisafi chenye unyevu kidogo, kitie kwenye mfuko wa plastiki usioingiza maji, afu huo mfuko uweke kwenye maji yenye barafu. Kidole kisigusane na barafu moja kwa moja, kinaungua na baridi na madaktari hawataweza kukirudisha. Usiendeshe mwenyewe kwenda hospitali, na usile wala kunywa chochote njiani manake wanaweza kukupeleka chumba cha upasuaji moja kwa moja.